Pana Mbele, Jembamba Nyuma: Kumuaga Mzee Milimita

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kutusumbua, fundi mkuu wa karakana yetu ya baiskeli za kupeleka dawa, ambaye sote tunamwita Mzee Milimita, anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Juni. Mimi, mtunza stoo wa karakana hiyo hiyo, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu, kwa maneno ya mkuu wa kitengo, ndimi ninayemjua vizuri. Ni kweli. Nimegombana naye miaka kumi na tisa.

Alianza kwa kuziba pancha kwenye benchi la karibu na mlango, na kwa juhudi kubwa akapanda hadi benchi la karibu na dirisha. Hakuwahi kuchelewa. Alikuwa akifika kabla mlinzi hajamaliza chai yake, utovu wa nidhamu uliotutia aibu sisi wengine kila asubuhi.

Lakini ukaidi wake mkubwa ulikuwa kwenye matairi. Njia za wapelekaji wetu huanza na lami, zikaingia kwenye changarawe, zikamalizikia kwenye mchanga wa mto mkavu, kisha ndipo zahanati. Kwa safari hiyo Mzee alifunga tairi la milimita arobaini na tano mbele na la thelathini na nane nyuma, na aliyeuliza sababu alikosa chakula cha mchana kwa urefu wa maelezo. Nilimweleza, kwa utaalamu nilioupata nikiwa nimekaa kwenye kiti, kwamba sanduku la dawa liko nyuma, kwa hiyo tairi pana likae nyuma. Akanijibu kwamba uzito unatibiwa kwa upepo, ongeza pampu kidogo, na kwamba tairi pana nyuma hukwaruza fremu likishika tope. Kisha akaniambia, kama kawaida yake, "La nyuma likiteleza utayumba. La mbele likiteleza utalala chini."

Mtu mwenye akili angesikia. Mimi nilikuwa na rafu za stoo. Matairi ya aina mbili yaliniharibia mpangilio, basi nikaandika pendekezo la kurasa sita kwamba yote yawe ya thelathini na nane, na mkuu wa kitengo akalisaini kabla hajafika ukurasa wa pili. Mzee alifunga matairi yote kama alivyoagizwa, akaandika kwenye daftari la kazi: "Yamefungwa. Sijaridhika." Rafu zangu zilipendeza mno. Wageni walizipiga picha.

Wiki ya tatu, mpelekaji wa njia ya mtoni aliingia mchangani, tairi la mbele likazama, akaruka juu ya usukani. Dawa zilipona. Mfupa wa bega ulivunjika. Mpelekaji huyo ni mke wangu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulimsikia mkuu vizuri sana, na bado tukavunjika bega.

Nilimsubiri Mzee anicheke, nilistahili. Hakunicheka, akaniudhi zaidi. Nilimkuta tu ameinama kwenye baiskeli ya mke wangu, anafunga arobaini na tano mbele, bila kibali. Nikafungua stoo nikamletea mengine. Tangu siku ile, miaka tisa sasa, hakuna mpelekaji aliyelala mchangani, na kwa miaka hiyo yote kwenye makaratasi baiskeli zetu zimevaa thelathini na nane mbele na nyuma. Mkuu wa kitengo, uliyeketi mstari wa mbele, pole kwa kuipata habari hii kwenye programu ya sherehe.

Nilichoogopa tangu barua ya kustaafu ilipofika ni kwamba fundi mpya atalifungua faili, alikute pendekezo langu lenye saini na kulitii. Kwa hiyo nimeandika jingine. Lina mistari miwili, na nimeliambatisha nyuma ya karatasi hii kwa ajili ya saini, mbele ya mashahidi wote waliopo.

Kuhusu zawadi, Mzee, kamati imekununulia baiskeli mpya. Iliichagua kwa rangi. Ilikuja na matairi yanayolingana, tukajua utaipokea kwa tabasamu na usiku huo huo uiondolee kasoro. Usijisumbue. Mke wangu alilibadilisha la mbele jana, kwa mkono wa bega lile lile, na hakutaka nimsaidie.

Asante kwa kutokunicheka. Nenda ukapumzike, ukapande baiskeli yako bila haraka, na Mungu akupe siku nyingi. Huku mtoni tutayumba, lakini hatutalala chini.