Sahani Tisa za Mjukuu wa Mzee Hezekia

Benchi la kahawa la Zainabu pale Malindi ya milimani lina miguu mitatu na jiwe moja, na kila anayelikalia anajua mahali pake. Asubuhi hiyo Mzee Hezekia alilifikia amefura. Hakuuliza habari za kabichi za mtu. Alitoa simu yake akaitupa mapajani mwa Hashimu. Mwanawe Edgar, aliyeko Dar es Salaam, alikuwa amemtumia picha za sikukuu ya kuzaliwa ya binti yake Raheli. Walimpeleka hoteli ya Kijapani, kwenye chakula cha kuonja, sahani tisa. Na Raheli ni jina la marehemu mke wa mzee, ndiyo maana jambo hilo lilimuuma hivyo.

Hashimu, wanayemwita Daktari kwa sababu hupulizia kabichi dawa, aliisogeza simu karibu na macho.

— Mzee, hiki kilicho juu ya jiwe ni nini?

— Samaki. Mbichi!

— Mbichi mbichi?

— Hata moshi hajauona.

— Na keki iko wapi? Zainabu akauliza, akimimina kahawa.

— Keki hakuna! Pilau hakuna! Hata kumwagiwa maji hakumwagiwa! Mtoto mkavu kabisa siku yake ya kuzaliwa!

Nathanaeli, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, akaipokonya simu.

— Halafu eti kuonja. Kuonja ni kazi ya mpishi, mgeni anakula!

— Nimezihesabu mara tatu, mzee akasema. Tisa. Ukizimwaga zote pamoja hazijai kiganja changu.

— Wale wana hesabu zao, Redio akasema. Wanakula kidogo ili waenee kwenye Noah zao. Umewahi kukaa kiti cha nyuma cha Noah umeshiba?

— Acha Noah, Daktari akasema. Tatizo ni ulimi. Ulimi wa mtoto ni kitalu. Ukishaotesha samaki mbichi pale, makande hayashiki tena. Mwakani akija utampa makande, atakuuliza vijiti viko wapi.

— Mwakani? Redio akadakia. Mwakani yuko Japani huyo! Sahani ya kumi ni tiketi ya ndege. Ukimpigia, anakuitikia Kijapani!

Mzee Hezekia alijua Redio anabwabwaja, lakini maneno yalimchoma vilevile. Alhamisi alikuwa amempakia jogoo kwenye basi, ndani ya boksi lililoandikwa jina la mtoto kwa kalamu nene. Jogoo hakuonekana kwenye picha hata moja.

— Jogoo wangu! Nimemlea kwa mkono wangu, wamemwacha nyumbani wakaenda kulamba mawe! Raheli ni mke wangu yule! Wananinyang'anya mchana kweupe!

— Ni dharau, Daktari akasema.

— Dharau kubwa, benchi zima likaitikia.

Hapo akapita Esteria na ndoo ya mapeasi kichwani, akielekea sokoni. Akasimama, akapiga goti kidogo.

— Shikamoo, Mzee Hezekia.

— Marahaba, mwanangu. Hebu njoo uone mjukuu wangu anavyofanyiwa.

Esteria akaitazama picha, akatabasamu.

— Jamani, kakua huyu! Katimiza miaka mingapi?

Mzee Hezekia akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha.

— Alizaliwa... mwaka ule udongo ulipofunika barabara ya Soni.

— Mara ya kwanza au ya pili? Redio akauliza.

— Ile iliyokwamisha lori la karoti.

— Mzee, malori ya karoti yalikwama mara zote mbili.

Daktari akaikuza picha, akatafuta mishumaa ya kuhesabu. Alikuta sahani, vijiti na lile jiwe.

Mzee Hezekia akaichukua simu yake. Tangu jana alikuwa amempigia Edgar mara nne, zote za kugomba. Hakumwulizia Raheli hata mara moja. Aliona aibu, aibu ya kweli, na kahawa yake akaiacha inapoa. Akasogea pembeni, akabonyeza namba, akakohoa. Benchi zima likamsikia.

— Edgar, leo sigombi. Mpe simu mke wangu.