Fundi wa Cherehani na Matufaha ya Sura Mbaya

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutusindikiza, poleni kwa safari, na poleni mnaosimama kwa kuwa viti havikutosha. Maneno haya yalipaswa kusomwa na mume wa marehemu, naye jana jioni alikaa nayo mezani, akayapitia yote kimoyomoyo, kisha akayasukuma upande wa pili na kusema, "Shemeji, soma wewe, mimi maneno nayaona lakini hayaingii." Kwa hiyo yanasomwa na wifi wa marehemu, mke wa kaka yake, ambaye mengi ya haya aliyaona kwa macho yake, na machache aliyasikia kwa marehemu mwenyewe, kwa kuwa mawifi hao wawili walikuwa hawafichani kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, katika nyumba ya mawe iliyo juu ya barabara ya sokoni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu na mkunga. Uani kwao kulikuwa na mtufaha uliopandwa na babu yao, wenye matunda madogo, ya kijani iliyofifia, yenye mabaka ya kahawia yaliyokwaruza kama gunia, mabaya kiasi kwamba mgeni akipewa aliligeuzageuza kwanza akitafuta mahali pa kung'ata. Nyumbani waliyaita Sura Mbaya. Lakini yalipowekwa kabatini yakakaa hadi msimu wa baridi kwisha, yaliingia utamu ambao matufaha mekundu ya dukani hayajawahi kuuota, na baba yao alikuwa akisema kwamba tunda la aina hiyo halina haraka kwa sababu halitegemei uso.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964, akamaliza mwaka 1970, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1974, ambako alifaulu vizuri hesabu na akafeli uimbaji, jambo ambalo waliokaa naye kanisani au harusini hawatalishangaa. Kila alasiri alikaa kwenye kibanda cha baba yake, akajifunza kunoa kisu cha ngozi na kukata mlalo, yaani kuipunguza ngozi kwa upole hadi vipande viwili vikutane bila kuacha mgongo. Baba alitamani awe mkunga kama mama yake, mama alitamani awe chochote ila mkunga, naye akawaridhisha wote wawili kidogo kidogo, akasomea ushonaji kisha akaajiriwa hospitalini.

Aliingia chumba cha ushonaji cha hospitali ya serikali mwezi Januari 1976, akashona mashuka, mapazia na magauni ya chumba cha upasuaji hadi alipostaafu mwaka 2012, akikaa kwenye cherehani ile ile iliyo karibu na dirisha, pamoja na mwenzake wa kupiga pasi, aliyeitwa na wote Mama Mvuke. Kazini hakuwa mtu wa maneno mengi, ila Mama Mvuke, ambaye tunaye hapa leo, anasema ukimpelekea shuka lililoshonwa ovyo alikuwa halitupi wala hakufokei, alilikunjua tu mbele yako, akakutazama, na wewe ulilichukua mwenyewe ukaenda kulifumua.

Ni katika chumba hicho alimokutana na mume wake, aliyekuwa dereva wa gari la wagonjwa, ambaye siku moja mlango wa gari ulimchania suruali pabaya, akaja akitembea kinyumenyume kama kaa.

"Vua," marehemu akamwambia, bila kuinua macho.

"Hapa hapa?"

"Kwani unadhani wewe ni wa kwanza? Lile pale shuka, jifunge."

Alishona, akakata uzi kwa meno, akamrudishia, na dereva akawa na suruali zinazochanika mara kwa mara kuliko ilivyo kawaida ya suruali. Walifunga ndoa tarehe 12 Julai 1980. Yeye alimwita mumewe Dereva, naye alimwita Fundi, na hata walipogombana hawakuwahi kuitana kwa jina jingine.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni binti, mwalimu wa hesabu, wa pili ni kijana, fundi umeme, na wa tatu alikuwa kitindamimba wao, aliyeitwa Kijiko kwa sababu alikataa kula kwa kijiko chochote isipokuwa chake. Kijiko alifariki tarehe 8 Mei 1998, akiwa na umri wa miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo, katika wodi ambayo mashuka yake yalishonwa na mama yake.

Familia imeamua kulisema hili kama lilivyokuwa. Marehemu hakulia. Alimvika mtoto wake, akapokea wageni, akauliza kama wote wamepata chai, na baada ya mapumziko yake kwisha akarudi kwenye cherehani. Watu walimsifu kwa ujasiri, naye aliwaitikia "asante" kwa sauti ya mtu anayepokea chenji dukani. Wifi yake alipomuuliza anaendeleaje, alijibu, "Wifi, sijui. Ni kama mguu ukilaliwa, unajua ni wako, lakini ukiufinya husikii."

Mwezi Julai mwaka huo huo, kaka yake, aliyebaki kuishi katika nyumba ya wazazi, aliukata mtufaha wa uani. Hakuukata kwa ubaya. Mama yao alikuwa hawezi tena kupanda ngazi, alihitaji chumba cha chini, na mahali pa kujenga chumba hicho palikuwa pale pale penye mti. Marehemu alipata habari msumeno ukiwa umeshaanza, akafika akiwa na sare ya kazi, akayakuta matawi yamelala chini, hakumsalimia kaka yake, akainama akachagua vijiti vya mwaka ule vyenye macho mazuri ya kuchipua, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuzungumza na kaka yake kwa miaka minane. Alipokuja kumhudumia mama yake alipitia mlango wa jikoni, akaongea na wifi, akaosha vyombo, akatoka.

Hakujua kubebesha miti, yaani kukiunganisha kijiti cha mti mmoja na shina la mti mwingine hadi viwe kimoja. Alimtafuta mtunza bustani mstaafu, mzee mkali aliyeishi nyuma ya shule, ambaye alimtazama akikata mlalo kwa kisu cha baba yake na kusema, "Kisu unakijua. Sasa jifunze kusubiri." Alipanda miche iliyoota kwa mbegu kwenye ndoo kuukuu, akakata, akapachika ganda juu ya ganda, akafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, akaziba kwa nta ya mshumaa. Vijiti vilikauka kimoja baada ya kingine, vikabaki vyeusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa, isipokuwa kimoja ambacho hakikukauka wala hakikuchipua.

Mume wake alikitazama wiki baada ya wiki, mwishowe akasema kwa upole, "Fundi, hicho nacho kimekufa."

"Hakijafa. Kimenyamaza."

"Utajuaje?"

Akakwaruza ganda kwa ukucha, pakaonekana kijani chini yake, chembamba kama uzi. "Tukiache," akasema.

Kilichipua mwaka uliofuata, mwanzoni mwa mvua, siku ya Jumapili. Dereva alirudi kutoka zamu, akamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sufuria ikiungua ndani, naye analia kwa sauti kubwa, kinywa wazi, kama mtoto. Alizima jiko, akatoa ndoo ya pili, akaipindua, akakaa kando yake, kwa maana alijua kwamba mtu halii hivyo kwa ajili ya mti.

Baada ya hapo hakushikika. Alianza kubisha milango ya watu asiowajua, kila alipoona mtufaha wa zamani nyuma ya ukuta, akisema, "Naomba kijiti kimoja tu, na kama unakumbuka mti huu uliitwaje, uniambie." Wengine walidhani amechanganyikiwa, mmoja alimfungulia mbwa, lakini wengi walimkaribisha, wakatoa kijiti na hadithi yake, kwa kuwa kila aina ya zamani ilikuwa na mwenyewe: lile lililopandwa siku ya harusi ya fulani, lile lililofaa kupikwa tu, lile lililopendwa na shangazi asiye na meno. Ua wake ni mdogo, gari likiingia mlango haufungi, hivyo alizibebesha aina kadhaa juu ya shina moja, na mti mmoja ukawa unatoa matufaha ya rangi tano, jambo lililowafanya wajukuu waamini kwamba bibi yao ameshona miti.

Mwaka 2006, asubuhi moja, aliingia uani kwa kaka yake akiwa amebeba mche wa Sura Mbaya, akaanza kuchimba bila kubisha hodi. Kaka yake akatoka na mswaki mdomoni.

"Unafanya nini kwenye uwanja wangu?"

"Nakurudishia mti wako. Shika jembe, mgongo unaniuma."

Wifi wa marehemu aliyaona haya akiwa dirishani, na anashuhudia kwamba kaka alitema dawa ya meno majanini, akashika jembe, na kwamba hawakuombana msamaha hata kwa neno moja, ila chai ya asubuhi hiyo walikunywa hadi saa sita.

Mwaka 2021 mikono yake ilianza kutetemeka, daktari akasema ni ugonjwa wa neva ambao hauna tiba, na alipojikata kidole mara ya pili alimkabidhi mumewe kisu. Msimu huo majirani walisikia vitimbi kutoka uani.

"Dereva, unabebesha mti au unakata vitunguu?"

"Si useme vizuri mlalo upi?"

"Mlalo ni mmoja tu duniani!"

Lakini miti ya Dereva nayo ilishika, si yote, na iliyoshika aliifunga yeye, akielekezwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 marehemu alianza kukonda na kukataa chakula, akapimwa, ikaonekana saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshaenea. Aliomba arudi nyumbani. Alifariki tarehe 19 Februari 2024, asubuhi, mume na binti yake wakiwa kando ya kitanda. Mumewe alikunja shuka, akaosha kikombe alichokuwa amemnyweshea, akakifuta, akakiosha tena, na binti yake alipomshika bega alisema, "Ngoja nimalize."

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, kaka, wifi na miti isiyojulikana idadi, kwa kuwa mingi aliigawa, nayo iko kwenye nyua zenu. Mume wake ameomba jambo moja lisemwe hapa kwa niaba yake: kwamba msimuulize anajisikiaje, kwa sababu hajui, na akijua atakuja kuwaambia mwenyewe. Anayetaka kukaa naye, akae. Ndoo zipo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, wenzake wa chumba cha ushonaji walioshona kwa mikono yao shuka alilofunikwa leo, majirani waliopika, waliochota maji na waliolala nasi sebuleni, na kila aliyefungua mlango wake siku moja akampa mgeni kijiti.

Pumzika, Fundi. Pumzika kwa utulivu, wifi yangu, sisi tupo na Dereva.