Pete Chini ya Beseni

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kilichovunjika, umelazwa juu ya matofali nje ya ukuta wa Baba Kichanga. Wiki nzima wanaume wa pale walikuwa hawajabishana juu ya mpira wala siasa, kwa sababu gari lake la milimani lilikuwa limesimama mbele yao mguu mmoja juu, kama kuku kwenye baridi. Gurudumu la mbele lilikuwa likivuma njiani kama nyuki ndani ya debe, beringi zimekwisha. Baba Kichanga akanunua mpya, akaapa atazibadilisha mwenyewe hapo nyumbani, na kijiwe kikaapa kumsaidia kwa mdomo. Asubuhi hiyo kazi ilikuwa imekwisha. Tairi chini, jeki imetolewa, mabegi kiti cha nyuma, na safari ya kuvuka mlima kwenda kumwonyesha bibi mjukuu wake ilikuwa inangoja kikombe cha mwisho cha kahawa tu. Hapo ndipo geti lilipofunguliwa kwa teke.

Mama Kichanga alitoka, mtoto mgongoni, beseni la bluu mkononi. Ni beseni la kuogea mtoto. Lilikuwa linanuka mafuta ya taa.

— Nani kaoshea vyuma humu?

Watu wakatazama vikombe.

— Nauliza, nani? Maana nimetia maji ya uvuguvugu, nimemvua mtoto nguo, nimemshika hivi namteremsha, naona maji yanametameta kama shingo ya njiwa, bado kidogo tu, bado kidole kimoja, ningemwogesha mwanangu kwa mafuta ya taa!

— Si utaliosha tu? alisema mumewe. — Nilikosa chombo.

— Ungetumia kichwa chako! Nafasi si imejaa humo?

Breki akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Huyo aliendesha malori miaka ishirini, macho yakamstaafisha.

— Usicheke, shemeji. Zamu yako inakuja.

Akalipindua beseni. Kwenye kitako, imenata kwa grisi, kulikuwa na pete nyembamba ya chuma, upana wa mdomo wa kikombe, na kijino kimoja kwa ndani.

— Na hii inakaa wapi?

Baba Kichanga akaacha kunywa.

— Hiyo ya zamani, alisema Breki.

— Ya zamani inang'aa hivi? Hiyo ya ndoa uliyoivaa wewe kidoleni inang'aa hivi?

— Basi ni ya ziada, akadakia Profesa, mwalimu mstaafu, suruali imenyooka pasi kama ubao. — Kiwandani huongeza moja, kama muuza nyanya anavyokupa ya juu. Akiba haiozi, mwanangu. Tia kabatini.

— Hapana, Profesa, alisema Breki. — Hiyo ni ya nchi za baridi. Kule chuma kinanywea, lazima kivishwe pete. Kwetu joto, chuma kinavimba, kinajibana chenyewe.

— Enhee! alisema Profesa. — Tena ukiiweka unaharibu. Gurudumu linataka kupumua. Mficha uchi hazai!

— Mimi nilisikia, alisema muuza kahawa, — wanaitia makusudi ili iharibu, gari life, ununue jingine.

— Wewe mimina! alikemea Profesa.

— Sikilizeni, alisema Breki, sasa amesimama. — Gari lina akili. Kitu lisichokitaka linakitema. Lori langu lilitema gia ya kurudi nyuma, nzima! Nikaliendesha miaka mitatu, mbele tu.

— Ulikuwa unaegesha vipi? aliuliza muuza kahawa.

— Nazunguka mtaa.

Walicheka, na Mama Kichanga akaiona ile njia ya mlimani. Upande huu ukuta wa mawe, upande ule korongo, vilele vya miti viko chini ya miguu yako. Akaliona gurudumu likitangulia peke yake, linaruka, linaruka, na wao nyuma yake. Woga wake haukujua mlango mwingine wa kutokea ila mdomoni.

— Mnacheka! Mtoto ana miezi minne, mnacheka!

— Unanivunjia heshima mbele za watu, alisema mumewe, sauti imepanda. — Nati zote mbili nimezikaza kwa mikono hii. Spana nusura ipinde!

— Sawa. Gari ni zima. Basi pandeni. Wote, sasa hivi! Mteremko huu mpaka darajani, mrudi. Mkirudi na magurudumu manne, mimi napanda na mwanangu na naomba radhi hapa hapa, kwa magoti.

Hakuna aliyelisogelea gari.

— Goti langu hili, alisema Breki, akakaa. — Likikunjwa...

— Moto wangu utazimika, alisema muuza kahawa, akaupuliza mkaa uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

Baba Kichanga alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

— Breki. Si wewe uliyesema kazi ni safi?

— Safi ni safi. Ila goti.

— Penye wengi hapaharibiki neno, alisema Profesa polepole.

— Maneno mnayo mazima kabisa, Mwalimu, alisema Mama Kichanga. — Naulizia gurudumu. Wewe ndiye uliyenifundisha, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na fimbo juu: soma swali kabla ya kujibu. Beringi zilikuja kwenye boksi. Ndani kulikuwa na karatasi ya maelezo, ina picha na namba, niliiona kwa macho yangu. Iko wapi?

Muuza kahawa akamtazama Profesa. Breki akamtazama Profesa. Profesa, ambaye tangu Jumatatu hakuwahi kuukalia ubao ule bila kutandika kitu kulinda suruali yake, akatazama mbali sana, huko mwisho wa barabara. Kisha akainua tako moja, taratibu.

Mama Kichanga akaivuta ile karatasi, akaikunjua. Picha ya saba: nati, pete yenye kijino, nati ya pili, halafu ukingo wa pete umekunjwa juu ya nati ili zisijifungue njiani. Aliibandika ile pete juu ya picha, ikaenea, akamwekea mumewe vyote viwili usoni.

Baba Kichanga alitazama picha. Akatazama gurudumu. Akamtazama mtoto, aliyelala mgongoni mwa mama yake mdomo wazi. Akaweka kikombe chini, akaenda kuchukua jeki.

— Nikushikie spana? aliuliza Breki.

— Kaa!

Profesa alikuwa anajivuta kuondoka. Mama Kichanga akamzuia kwa beseni, akakaa mahali pake kwenye ubao. Muuza kahawa akamnyooshea kikombe, hakukipokea. Karatasi ndiyo aliyomnyooshea Profesa.

— Vaa miwani, Mwalimu. Soma. Kwa sauti, asikie kule chini ya gari. Anzia namba moja.