Mama Kengele Alikuwa Pembeni ya Barabara

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nami kidogo. Kama una kazi mkononi, endelea nayo, mimi masikio tu yananitosha.

Leo tunamkumbuka fundi wa nguo. Mtaani walimwita Mama Kengele, kwa sababu hakupita kona bila kupiga kengele ya baiskeli yake, hata kona iwe tupu. Aligongwa na basi dogo wiki iliyopita, asubuhi, akipeleka sare za shule alizozishona mwenyewe. Kuna maneno yanapita mtaani kwamba aliingia katikati ya barabara. Hakuingia. Alikuwa pembeni. Nitalirudia hili, mnivumilie.

Watoto wengi wa mtaa ule walijifunza baiskeli kwake, na baadhi yao sasa wana wajukuu. Wa kwanza alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye leo ni dereva wa lori. Nilimkuta nyumbani kwa marehemu, amekaa kwenye kiti cha cherehani, amekigeuza kutazama ukuta.

"Dada alinikalisha kando ya barabara, akanifunga macho kwa kitambaa," aliniambia. "Akasema, haya, taja kinachokuja nyuma yako. Nikisema gari dogo, kumbe lori, ananiambia, wewe sasa ni marehemu, anza upya."

Akacheka, kisha akaendelea.

"Baiskeli yenyewe kaifunga kwenye nguzo, naitazama tu. Wenzangu wanapita wananizomea, kipofu wa dada yake. Sikupanda mpaka masikio yangu yalipojua kila kinachotoka nyuma."

Baadaye somo lilihamia uani. Binti wa marehemu anakumbuka mama yake akichora barabara kwa majivu, watoto wakigawana kazi: huyu baiskeli, yule gari. Siku moja mtoto mmoja alikataa kuwa baiskeli.

"Mimi nataka kuwa lori. Lori halisimami."

Wote walicheka. Mama Kengele hakucheka. Alimwambia, "Ndiyo maana nakufundisha wewe. Hilo halina wa kulifundisha."

Wasikilizaji wapendwa, neno hilo silisahau. Mtoto tumempa somo lote. Nyoosha mkono. Geuka utazame. Kaa pembeni. Vaa nguo inayong'aa. Aliyeshika usukani tumebaki kumwombea aamke na roho nzuri.

Asubuhi ile Mama Kengele alikuwa amevaa kizibao cha njano alichojishonea. Alikuwa pembeni ya barabara. Basi dogo lilitaka kulipita lori kwa upande wa kushoto, likamfuata huko huko pembeni. Dereva alisema, "Sikumwona."

Muuza matunda aliyekuwa karibu alitoa shuka la kufunikia matunda yake, akamsitiri. Jirani alizichukua zile sare, akazifua, akamalizia pindo zilizokuwa zimebaki, akazipeleka kwa wenyewe. Hakutumwa na mtu. Hao wawili nawashukuru kutoka moyoni.

Lakini msibani, mzee mmoja alisema kwa sauti, "Bibi mzima, baiskeli ya nini? Si angepanda basi?"

Binti wa marehemu alikuwa akigawa chai. Alijibu taratibu, "Baba, basi ndilo lililomuua."

Kisha wakaja madereva, wenzake yule mdogo wa marehemu, kumpa pole. Mmoja akamshika bega. "Ni bahati mbaya tu, kaka. Mwenzetu hakumwona."

Mdogo mtu akasimama.

"Tusidanganyane hapa. Watu wa baiskeli tunawaona. Tunawaona tangu mbali. Tunapiga honi, tunasema watahama wenyewe. Nimefanya hivyo mimi, umefanya wewe. Dada yangu alionekana."

Yule mwenzake aliinua kikombe, akakirudisha chini bila kunywa.

Tangu siku hiyo wazazi wa mtaa ule wamezificha baiskeli za watoto. Mjukuu wa marehemu alikuwa amebakiza somo la kukata kona. Baiskeli yake sasa imefungiwa stoo, nyuma ya magunia. Nilimuuliza binti, ataruhusiwa lini? Akasema, "Siwezi. Na najua marehemu angenikasirikia."

Kwa binti, kwa mdogo wa marehemu, kwa mjukuu, poleni sana. Mmeondokewa na mtu aliyetumia jioni zake kulinda watoto wasio wake. Mungu awape nguvu, na ampumzishe mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza ukiwa kwenye usukani sasa hivi, punguza mwendo kidogo. Tazama pembeni ya barabara. Kuna mtu? Basi umemwona. Usije ukatuambia hukumwona.