Kesi Iliyoahirishwa Mara Nne

Baba Mchungaji, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani, na ninyi mliokosa viti mkasimama migombani, ukoo wa Lyatuu umempa Shedrack, shemeji wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya Eunike Yoramu Lyatuu, naye anaomba mumvumilie, maana kurasa hizi nyingi aliziandika marehemu mwenyewe, na upo mmoja ambao msomaji angependa upeperuke na upepo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 hapa hapa Mwika, mtoto wa kwanza wa Mzee Yoramu Kisanga na Mama Priska, akaanza darasa la kwanza mwaka 1963, na walimu wake walisema hakukaa kwenye dawati dakika kumi bila kuinuka kuamua ugomvi wa wenzake. Alimaliza kidato cha nne mjini Moshi mwaka 1973, akaajiriwa karani wa mahakama mwaka 1975, akasoma sheria kwa kuungaunga, na tarehe 2 Februari 1984 akateuliwa kuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo.

Tarehe 19 Desemba 1981 alifunga ndoa na Mwalimu Filbert Lyatuu, kaka yake Shedrack, wakajaliwa watoto wawili, Kindness na Eliona, na nyumba ile, tuseme kweli, haikujua utulivu. Mwalimu alishikilia kwamba mahakimu wapigiwe kura kama madiwani, kwa kuwa anayehukumiwa ana haki ya kumchagua anayemhukumu, naye Eunike, akizunguka meza na sufuria ya mtori mkononi, alijibu kwamba anayeomba kura leo kesho ataombwa hukumu, Mwalimu akamuuliza je, anayeteuliwa haiogopi kalamu iliyomteua, na mtori ukapoa. Mwaka 1997, akiwa kituo cha Same, alimtia hatiani mpwa wa mkubwa mmoja, mwezi uliofuata ikaja barua ya uhamisho kwenda Kondoa, akafunga mizigo bila kumwambia mumewe alichokishuku, maana hakutaka kumpa ushindi.

Mwalimu alitutoka tarehe 6 Juni 2009, na Eunike alistaafu mwezi Machi 2015, akarudi kwenye kihamba, shamba la urithi la mumewe, lakini kustaafu kulimshinda, alipogoa kahawa ambayo tayari ilikuwa imepogolewa, akasuluhisha hata mambo ambayo hakuitwa. Mwaka 2016 mkutano wa kijiji ulimchagua kwa kunyoosha mikono awe mwenyekiti wa baraza la ardhi, na aliyezunguka nyumba hadi nyumba kumwombea mikono hiyo ni huyuhuyu Shedrack.

Ndugu waombolezaji, sehemu inayofuata Shedrack aliikata kwa kalamu siku ya Jumatano kwenye kikao cha ukoo, na Kindness akairudisha kwa maneno machache, "Baba mdogo, ukiruka hapo, keti, nitasoma mimi." Basi anaisoma.

Mwezi Septemba 2018 Shedrack alijenga ua na banda la ng'ombe juu ya njia iendayo kwa jirani yetu Gladness, njia iliyopitwa tangu enzi za babu zetu, naye Gladness akapeleka shauri barazani, ingawa watu walimcheka kwamba kesi ya ngedere anampelekea nyani. Eunike alijua njia ni ya nani siku ya kwanza tu. Angeweza kusema, au angeweza kujitoa awaachie wengine, lakini uchaguzi wa baraza ulikuwa unakaribia, na mikono mingi iliyomweka kitini ilikuwa ya ukoo wetu, basi akaahirisha mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, ya pili kwa sababu ya msiba, ya tatu kwa sababu wajumbe hawakutimia, na ya nne hakutaja sababu.

Tarehe 27 Aprili 2019 mume wa Gladness, Eliudi, alifariki, na jeneza lake halikuweza kupita penye ua, likashushwa korongoni katikati ya masika na kupandishwa upande wa pili, vijana wakateleza, likaangukia matopeni. Eunike alikuwa nyuma ya jeneza, viatu mkononi. Shedrack alikuwa bandani anakamua, akaona yote, na anaona aibu kulisema.

Tarehe 6 Mei marehemu alijiuzulu, akachukua jani la sale, ambalo kwetu mkosaji akija nalo harudishwi, akampelekea Gladness, naye akalipokea kwa mikono miwili, akasema, "Sale nimelipokea, Mama Hakimu. Lakini sale halibomoi ua." Tangu hapo kila wiki Eunike alimfuata Shedrack kwake, na kila wiki Shedrack alimjibu kwamba hana tena mamlaka. Hivi ndivyo alivyoandika, "Niliteuliwa, na nikachaguliwa. Nilipoteuliwa niliogopa barua. Nilipochaguliwa niliogopa kunyimwa salamu. Sasa sina cheo, simwogopi mtu, na hakuna anayenisikiliza. Njia ni ya Gladness."

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2021, figo zikafuata mwaka jana, akalazwa Moshi mjini tarehe 3 Novemba 2025, ambako hata wodini aliamua ugomvi wa wagonjwa wawili kuhusu dirisha, akafariki Jumanne tarehe 11, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mahakimu na makarani waliofanya naye kazi, wanakwaya, na majirani wote, na kwa namna ya pekee Gladness, ambaye tangu Jumanne ameleta ndizi na maziwa hapa msibani akipitia korongoni.

Wanaoelekea upande wa kwa Gladness baada ya mazishi wasishuke korongoni. Leo asubuhi Shedrack ameung'oa ua kwa mikono yake, na nguzo zake ndizo kuni zilizochemsha chai mliyokunywa. Banda litahama wiki ijayo, na mkiona halijahama, niulizeni mbele za watu.

Pumzika, shemeji. Hukumu yako imetekelezwa, na aliyeichelewesha ni mimi.