Damu Moja, Chupa Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mpima damu wa zahanati yetu, tuliyemzika juzi. Wote tulimwita Letemkono. Ndiyo iliyokuwa salamu yake. Unabisha hodi maabara, hujaketi, unasikia, "Lete mkono."

Letemkono alipima wachumba. Sheria ya wakati huo ilisema hakuna cheti cha ndoa bila cheti cha damu. Na hapo ndipo watu walipomchosha. Wachumba walikuja wameshikana mikono, wakauliza, "Dada, damu zetu zimepatana?" Zimepatana! Kana kwamba yeye ni mpiga ramli. Kila siku alirudia: "Kupatana mtajua wenyewe mkianza kugombania blanketi. Mimi natafuta kaswende."

Nasi tunarudia, maana kuna vichwa havielewi mpaka leo. Kaswende. Inaweza kukaa mwilini kimya, mtu hana kidonda wala homa, kisha ikamfuata mtoto tumboni mwa mama yake. Ndiyo maana damu ilipimwa kabla ya harusi. Si kwa ajili ya mapenzi. Kwa ajili ya mtoto.

Ikafika zamu ya mdogo wake Letemkono, kitinda mimba wao. Yeye alipimwa, akaonekana salama. Mchumba wake, fundi seremala, aliogopa sindano, au aliogopa jibu. Akamtuma kaka yake. Kaka mtu akakunja shati, akakaa.

"Wewe ndiye unayeoa?"

"Hapana, dada. Lakini sisi tumbo moja. Damu yetu ni moja."

Mtu mzima huyo, na ndevu zake.

"Damu moja ni ya kwenye mazungumzo," Letemkono akamjibu. "Kwenye chupa kila mtu na yake. Kamwite mwenyewe."

Mwenyewe akaja, kanuna. Akapimwa. Letemkono akamwita pembeni, akamwambia mambo mawili tu: atibiwe, na amweleze mchumba wake kwa mdomo wake. Harusi ikaahirishwa, na viti vimeshakodiwa.

Shangazi yao akapaza sauti uani: "Wivu huo! Yeye hajaolewa, sasa anamzibia mwenzake riziki." Letemkono akanyamaza, kwa kuwa siri ya mgonjwa haitoki maabara. Seremala akanyamaza kwa aibu. Mdogo mtu, aliyekwisha kuambiwa yote, naye akanyamaza. Sindano zikachomwa, ndoa ikafungwa, mtoto akazaliwa mzima. Lakini sifa ya wivu ikamganda Letemkono maisha yake yote. Hata juzi makaburini, shangazi yuleyule alinong'ona, "Alikuwa mwema, ila wivu tu." Inaudhi, jamani.

Jana mdogo mtu alikuja hapa studio na mumewe. Seremala amezeeka sasa, kofia yake mkononi. Mke akasema, "Mtangazaji, tumechoka. Itangaze." Mume akaongeza, "Itaje kaswende, na mimi nitaje. Dada alinitunzia siri, nami nikamwacha asemwe."

Tumetaja. Poleni sana, wafiwa. Mungu amlaze dada yetu mahali pema. Nyinyi mnaochumbiana, mficha uchi hazai: nendeni mkapime, na kaka zenu waacheni nyumbani.

Nawe shangazi, tunajua redio yako huwa wazi saa hizi. Usiipunguze sauti. Yule mjukuu anayekuletea dawa zako, Letemkono alimpigania kabla hata hajatungwa mimba. Hakuwa na wivu. Tunarudia, shangazi: hakuwa na wivu.