Matairi ya Fundi Mara Moja

Punguzeni moto jikoni, wasikilizaji wapendwa, mje karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa magari. Jina lake la kuzaliwa walilijua wachache. Sisi wengine tulimwita Mara Moja. Fundi Mara Moja amefariki dunia. Tulimzika wiki iliyopita, na wengi wetu tulikwenda mazishini kwa magari ambayo yeye ndiye aliyeyafufua.

Kwa nini Mara Moja? Kwa sababu gari likitoka kwake kwenda kwenye ukaguzi wa mwaka, lilipita mara moja. Halikurudishwa. Watu walimtania kwamba jina hilo lilikuwa la ukaguzi tu, maana ukimwachia gari abadilishe hata mpira wa bushi, ungelipata ukiwa umeshazoea kutembea kwa miguu.

Na wala hayakuwa magari mapya. Yalikuwa magari yaliyokwisha kuchosha watu watatu au wanne kabla ya kumfikia mwenye nayo. Mlango haufungi mpaka uupige kiuno. Kioo ukikishusha, kukipandisha ni kazi ya watu wawili. Lakini siku ya ukaguzi, breki zinashika, taa zinawaka, moshi hauonekani. Fundi mwenyewe alisema, "Gari kuukuu ni kama mgonjwa mzee. Siku ya kwenda kwa daktari huamka mzima, akavaa shati safi, akasema haumwi popote."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Sasa sikilizeni vizuri, maana kicheko hicho ndicho kilichomgharimu.

Katika gereji yake, nyuma ya benchi la spana, yalikaa matairi manne mazuri. Kashata zake, yale meno ya kushika barabara, nzito, hayajaliwa hata kidogo. Yaliitwa viatu vya harusi. Mteja mwenye matairi vipara alikuwa akiazimwa viatu hivyo asubuhi ya ukaguzi. Gari linakwenda, linapita, linarudi gereji, linavuliwa. Kesho yake viatu vinavaliwa na gari jingine. Nusu ya magari ya mtaa wetu yalipita ukaguzi kwa matairi yale yale manne.

Siku moja mkaguzi aliinama, akayatazama, akasema, "Fundi, matairi haya si nimeyaona juzi kwenye gari jekundu?"

"Ndugu yangu," Mara Moja akamjibu, "duniani wawili wawili."

Mkaguzi akacheka, akapitisha gari. Wasikilizaji wapendwa, hakukuwa na rushwa pale. Kulikuwa na huruma. Fundi aliwahurumia watu ambao bila gari wasingefika kazini. Huruma ile ilikuwa ya kweli kabisa, na bado ilikuwa kosa.

Fundi Mara Moja alikuwa na binti mmoja, kifungua mimba wake, fundi cherehani. Alishona magauni ya maharusi na kuyapeleka mwenyewe kwa gari dogo kuukuu. Mwaka ule matairi ya gari lake yalikuwa yamekwisha, laini kama kiganja. Baba akafanya alivyozoea. Akalivisha gari la binti yake viatu vya harusi. Gari likapita asubuhi. Jioni likavuliwa, kwa kuwa mteja mwingine alikuwa kwenye foleni.

"Usiende nalo mbali," alimwambia. "Nakutafutia mengine."

Kesho yake mvua ikanyesha. Bibi harusi alikuwa anasubiri gauni. Binti akajiambia, gari limepita ukaguzi jana tu, litakuwa na nini? Kwenye kona ya mteremko gari likateleza, likagonga ukuta wa daraja dogo. Askari wa barabarani alipofika, kioo cha mbele kilikuwa kimepasuka, lakini stika ya ukaguzi ilikuwa bado inang'aa. Askari akashangaa. "Mbona gari lilikuwa zima?"

Madaktari waliukata mguu wa kushoto wa binti, chini ya goti.

Mjane wa fundi alinisimulia yaliyofuata. Tulikaa sebuleni kwake, kwenye kochi lililofunikwa kitambaa alichoshona binti huyo huyo. "Mume wangu alitoka hospitali akaenda moja kwa moja gereji," alisema. "Akachukua msumeno wa chuma, akayakata yale matairi. Tairi lina nyaya ndani, halikatiki kirahisi. Alikata siku nzima. Mikono ikachubuka, damu inatoka. Nikamwambia, baba watoto, inatosha. Akasema haitoshi."

Kwa miaka mingi tangu siku hiyo Fundi Mara Moja hakuliandaa tena gari lolote kwa ajili ya ukaguzi. Nasema tena: hakuliandaa hata moja. Alibadilisha oili, aliziba pancha. Mtu akitaja ukaguzi, alimfukuza. Wateja wakahamia kwingine. Wengine wakasema mzee amekuwa na kiburi. Hapana, wapendwa. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa ameshahamia nyumbani kwake, analala humo.

Binti je? Binti alimsamehe. Alimsamehe mapema, akiwa bado kitandani hospitali. Alinunua cherehani ya umeme, kwa kuwa ya kukanyaga ilitaka miguu miwili. Akatafuta gari jingine kuukuu, lisilo na klachi, akajifunza upya kuendesha. Mtu mgumu yule, wa kupigiwa mfano. Aliyemshinda ni baba yake.

"Nilimwambia, baba nimekusamehe," binti aliniambia. "Akaniuliza kama cherehani inafanya kazi vizuri. Mwaka mwingine nikamwambia tena. Akaniuliza habari za mvua. Nilikuwa nataka anijibu neno moja tu. Aseme amesikia. Hata akikataa, akatae kwa mdomo."

Kila mwaka, siku za ukaguzi zikikaribia, binti alilipeleka gari lake hadi mlango wa gereji. Kila mwaka baba alitikisa kichwa. "Mpelekee mwenye mkono safi, mwanangu." Na katika gari hilo hakuwahi kupanda. Alikwenda kumtembelea bintiye kwa miguu, jua likiwaka, na binti akampita njiani, akapunguza mwendo, akafungua mlango. Mzee anapunga mkono, anaendelea kutembea. Fikirieni baba na mwana, barabara moja, mwendo mmoja, kila mtu upande wake.

Mwaka huu kifua kilimshika fundi. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta. Ndipo binti akaja na habari mpya.

"Baba, gari limeanguka ukaguzi."

Mzee akanyanyua uso. "Kwa nini?"

"Breki ya nyuma, upande mmoja haishiki. Na bolijointi ya gurudumu la mbele imechoka."

"Aliyelikagua alikuambia nini?"

"Nilimbembeleza, baba. Nikamwonyesha mguu. Akasema, mama, ndiyo maana sikupitishi."

Mjane anasema mumewe alitabasamu, jambo ambalo alikuwa hajaliona kwa muda mrefu. "Mungu ambariki mtu huyo," akasema. "Nipeni jeki."

Mkewe akagomba. Wapi! Mzee alitandika boksi chini, akaingia uvunguni. Vipuri vyote vikanunuliwa vipya, hakikuazimwa hata skrubu. Alifanya kazi kidogo, anapumzika, anarudi. Binti alikaa kwenye ndoo kando ya gurudumu, anampa spana. Anasema zilikuwa siku nzuri kuliko zote walizowahi kuwa nazo tangu ajali.

Na siku moja, akiwa chini ya gari, uso hauonekani, mzee akasema: "Lile neno unaloniambia kila mwaka. Nimelisikia. Nitakujibu siku gari likipita."

"Nijibu sasa, baba."

"Sasa sina haki. Acha lipite kwanza, safari hii kwa haki yake."

Mnaona, wapendwa? Hata msamaha alitaka kuupeleka kwenye ukaguzi.

Kazi ilikwisha. Siku ya kulirudisha gari kwenye ukaguzi ikapangwa, na mzee akakubali kupanda, akae kiti cha mbele. Hakuifikia siku hiyo. Alfajiri moja kifua kilimzidi, akafa mikononi mwa mkewe.

Baada ya mazishi binti hakutaka hata kulitazama gari lile. Mama yake ndiye aliyempa ufunguo. "Nenda," alimwambia. "Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Usiiache njiani."

Akaenda. Mkaguzi yule yule aliyelikataa akalipandisha kwenye mashine, akakanyaga breki, akaingia chini na tochi, akagongagonga. Akatoka anafuta mikono. "Limepita," akasema. "Nani fundi wako?"

Binti akapokea ufunguo. Alikaa ndani ya gari, uani pale, magari mengine yakimpigia honi asogee. Akachukua simu, akapiga namba ya baba yake. Hajui kwa nini. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Baba," akasema, "limepita."

Upande wa pili alikuwa mama yake. Hakumsahihisha. Akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu."

Kwa mjane, kwa binti, kwa ukoo mzima na mafundi wote waliojifunza kazi kwake: poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Mungu ampumzishe mzee wetu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho kabla hamjawasha gari, zungukeni, inameni, angalieni matairi yenu, hata kama stika ni ya jana. Na kama kuna mtu amekusamehe nawe hujamjibu, mpigie leo, simu ikiwa bado inapokelewa na mwenyewe.